Breki Zinapofundishwa Upya: Vifaa vya Kumsaidia Dereva katika Njia za Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, hupitiwa na njia mbili kuu zenye tabia tofauti. Karibu na mji wa Kilosa wenyewe hupita reli ya kisasa itokayo Dar es Salaam, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Kusini yake hupita barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, ambayo hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kadiri ya kilomita 50 kabla ya kuufikia mji mdogo wa Mikumi. Relini, treni za umeme huweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na dereva wake husaidiwa na kompyuta iwezayo kufunga breki bila kumngoja. Barabarani nako yameanza kupita magari yenye kompyuta za namna hiyo. Machache huendeshwa kwa umeme mtupu. Mengi zaidi ni ya petroli, yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini.

Kompyuta ya gari haifanyi lolote isipokuwa kwa kufuata programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na wataalamu. Maagizo hayo huweza kubadilishwa. Katika magari mengi mapya ya umeme hubadilishwa kwa njia ya mawimbi ya redio, gari likiwa limeegeshwa nyumbani usiku, kama vile simu ya mkononi ipokeavyo programu mpya. Badiliko la namna hiyo huitwa sasisho. Asubuhi mwenye gari hukuta chombo kile kile, matairi yale yale, usukani ule ule. Lakini huenda gari likafunga breki mahali ambapo jana lisingefunga, au likaacha kufunga mahali ambapo jana lingefunga. Makala haya yaeleza sababu za mambo hayo, na kwa nini yanamhusu mtu apitaye Mikumi ambako twiga huvuka lami.

Mita sita zilizopatikana bila kufungua boliti

Mwezi Mei 1918 wahandisi wangehitaji karakana nzima ili kurekebisha breki za gari. Mwezi Mei 2018 jambo hilo lilifanyika kwa mawimbi ya hewani. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima gari la umeme aina ya Tesla Model 3 na kuona kwamba, likiwa katika mwendo wa maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, lilihitaji futi 152 ili lisimame. Hizo ni mita 46 na ushei, nazo ni nyingi kwa gari la ukubwa ule. Baada ya siku chache kampuni ilituma sasisho. Gari lilipopimwa tena lilisimama katika futi 133, yaani mita 40.5. Karibu mita 6 zilikuwa zimepunguzwa, na hakuna fundi aliyegusa chuma.

Mwanafunzi wa fizikia ataona ajabu hapo, kwa kuwa msuguano kati ya mpira na lami haubadiliki kwa maneno. Siri ni kwamba gurudumu lililofungwa kabisa huteleza, na gurudumu linaloteleza hushika barabara vibaya kuliko lile linaloendelea kuzunguka kidogo. Kwa hiyo kompyuta hubana na kulegeza breki mara nyingi katika kila sekunde, ikitafuta kiasi kilicho bora. Programu ya kwanza ilikuwa ikikitafuta vibaya. Kwa kutumia kanuni ya kwamba umbali wa kusimama ni mraba wa kasi uliogawanywa kwa mara mbili ya kiwango cha kupunguza mwendo, mwanafunzi ataona kwamba kiwango hicho kilipanda kutoka takriban 7.8 hadi 8.9 mita kwa sekunde kila sekunde. Nguvu hiyo ilikuwamo ndani ya matairi tangu gari lilipotoka kiwandani.

Huo ni upande mzuri wa jambo lenyewe, nao ustahili kusemwa kwanza.

Breki zinazofunga pasipo sababu

Upande wa pili ulionekana Oktoba 2021. Kampuni hiyo hiyo ilitoa toleo jipya la programu yake ya kuendesha gari kwa msaada wa kompyuta, na katika muda wa siku moja au mbili wenye magari walianza kueleza kwamba gari hutoa king'ora cha hatari ya kugongana, au hufunga breki ghafla, hali mbele hakuna kitu cha kuogopa. Toleo hilo liliondolewa upesi, na magari 11,704 yakaandikishwa rasmi kwa Mamlaka ya Usalama wa Barabarani ya Marekani kuwa na kasoro iliyohitaji kusahihishwa. Maelezo yaliyotolewa ni ya kufundisha: mawasiliano kati ya vipande viwili vya kompyuta ndani ya gari yalikatika, na kwa sababu hiyo gari likakadiria vibaya kasi ya magari mengine. Gari lililo mbele likienda zake kwa amani lilihesabiwa kana kwamba linarudi nyuma. Kompyuta ilifanya lile lililo sawa kwa habari isiyo sawa.

Mwaka uo huo, mwezi Mei, Tesla ilikuwa imeanza kuuza Marekani ya Kaskazini magari yasiyo na rada, yanayotegemea kamera peke yake. Baadaye hata baadhi ya magari yaliyokuwa na rada yaliacha kuitumia yalipopokea programu mpya. Kufikia Februari 2022 Mamlaka iliyotajwa ilikuwa imepokea malalamiko 354 katika muda wa miezi tisa juu ya breki zinazofunga bila sababu, ikafungua uchunguzi uliohusu magari yapatayo 416,000. Mtu aliye nyuma ya gari linalofunga breki ghafla katika barabara kuu ndiye aliye hatarini kuliko yule aliye ndani yake. Hili husahaulika mara nyingi.

Tofauti ya rada na kamera ni somo lenyewe. Rada hupeleka mawimbi na kupokea mwangwi wake, hivyo hupima umbali na kasi moja kwa moja. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu cha chuma huakisi mawimbi: daraja, kibao cha alama, hata kopo lililotupwa. Ili gari lisisimame mbele ya kila kibao, programu nyingi hufundishwa kudharau vitu visivyotembea. Kamera kwa upande wake hutambua vitu kwa sura zake, lakini picha haina umbali ndani yake. Umbali lazima ukisiwe, na kukisia huko ndiko kunakobadilika kila programu inapobadilika.

Kangaruu wa Australia na swala wa Mikumi

Mwaka 2017 Volvo ya Australia ilieleza hadharani shida iliyokuta mfumo wake wa kutambua wanyama wakubwa. Mfumo huo ulikuwa umejaribiwa Uswidi, ambako hatari barabarani ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwenye kimo cha farasi na pembe pana. Ulimtambua vizuri. Australia ulikutana na kangaruu, ukababaika: kangaruu anaporuka juu alionekana yuko mbali, na anapotua alionekana amekaribia. Sababu ni kwamba mfumo ulipima umbali kwa kuangalia mahali mnyama agusapo ardhi.

Njia hiyo ya kupima si ya kijinga hata kidogo, nayo hutumia pembetatu zinazofanana, ambazo kila mwanafunzi wa sekondari huzijua. Ichukuliwe kwamba kamera moja imefungwa kwenye kioo cha mbele, mita 1.3 juu ya barabara tambarare. Mnyama amesimama mita 40 mbele. Mstari utokao kwenye kamera kwenda kwenye kwato zake huteremka mita 1.3 katika mita 40, yaani mteremko wa 0.0325. Kompyuta hupima mteremko huo katika picha, hugawanya 1.3 kwa 0.0325, hupata 40. Jibu ni sahihi.

Sasa mnyama huyo awe swala pala, na awe ameruka nusu mita kutoka ardhini. Kwato zake ziko mita 0.8 tu chini ya kimo cha kamera. Mteremko huwa 0.8 kwa 40, yaani 0.02. Kompyuta, isiyojua kwamba swala yuko hewani, hugawanya tena 1.3 kwa 0.02 na kupata mita 65. Mnyama aliye mita 40 mbele amesogezwa nyuma mita 25 kwa hesabu. Na swala pala aliyeshtuka haruki nusu mita. Aweza kuruka mita 2 na zaidi. Hapo kwato zake hupita juu ya kimo cha kamera, mstari haukutani na barabara popote, na hesabu haina jibu.

Si mifumo yote ihesabuyo hivyo. Mingine hutumia kamera mbili, kama macho mawili ya binadamu, na umbali hupatikana kwa kulinganisha picha mbili. Subaru imekuwa ikitumia njia hiyo Japani katika mfumo wake uitwao EyeSight. Mingine huunganisha kamera na rada. Lakini hata mfumo ulio na macho mawili hapana budi uamue kwamba kile unachokiona ni kitu cha kuogopwa, na uamuzi huo hufundishwa kwa mifano. Programu za siku hizi hazielezwi kwa maneno kwamba tembo ni mnyama mwenye mkonga. Hupewa picha nyingi mno za barabarani, zenye watu, baiskeli, malori na pikipiki, nazo hujitafutia alama za kutofautishia. Asiyekuwamo katika picha hizo ni mgeni kwake.

Mikumi ina wageni wa namna hiyo. Usiku taa za gari zikiteremshwa huangaza chini ya kiuno cha twiga. Kamera huona miguu minne myembamba, iliyoachana kama nguzo, na mwili umo gizani juu ya mwanga. Tembo ana ngozi ya kijivu isiyorudisha mwanga mwingi, na husimama tuli. Kwa rada iliyofundishwa kudharau visivyotembea, utulivu huo ni hasara kwake na kwa abiria. Nyani hukaa kandokando ya lami kwa muda mrefu bila nia ya kuvuka, kisha mmoja huvuka. Swala huvuka kwa kufuatana: wa kwanza akipita salama dereva mgeni huongeza mwendo, hali wenyeji hujua kwamba wa pili na wa tatu wamo majanini. Kompyuta inayotazama kilichomo katika picha tu haina ujuzi huo wa wenyeji.

Treni isiyotazama mbele

Katika reli ya Kilosa swali la kutambua mnyama limeepukwa kwa hila nyingine kabisa. Mfumo wa ishara uliowekwa huko ni ule wa Ulaya uitwao ETCS, wa daraja la pili. Katikati ya reli, juu ya mataruma, hufungwa visanduku vinavyoiambia treni mahali ilipo kila ipitapo juu yake. Kituo cha udhibiti hupelekea treni idhini kwa redio: waweza kwenda hadi hapa, kwa mwendo huu, usipite. Kompyuta iliyo ndani ya treni hukokotoa mchoro wa breki, yaani katika kila mita iliyobaki mwendo usizidi kiasi gani. Dereva akiuzidi huonywa. Asiposikia, breki hufungwa.

Haja ya jambo hilo huonekana kwa hesabu fupi. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44.4 kwa sekunde. Gurudumu la chuma juu ya chuma hushika kidogo sana kuliko mpira juu ya lami. Ikichukuliwa kwamba treni hupunguza mwendo kwa mita 0.7 kwa sekunde kila sekunde, itahitaji zaidi ya mita 1,400 kusimama. Katika milima na mahandaki ya Kilosa hakuna dereva awezaye kuona mbali kiasi hicho. Kwa hiyo treni haitegemei macho. Huambiwa.

Na programu ya treni haibadilishwi usiku mmoja kwa siri ya mwenye chombo. Kwa desturi ya reli, toleo jipya hujaribiwa, huthibitishwa, na madereva hufundishwa kilichobadilika kabla ya abiria kupanda. Ni kazi ya polepole na ya gharama, na pengine huchelewesha mema pamoja na mabaya. Breki zile za mwaka 2018 zingengoja muda mrefu. Mfumo huo nao una kipofu chake. Wakazi wa Kilosa hawajasahau jinsi maji ya mto Mkondoa yalivyoiharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mfumo usiotazama mbele hauna jicho la kuona tope juu ya njia. Wakaguzi wa reli hutazama kwa niaba yake.

Dereva asiyeambiwa

Dereva wa gari hana mwalimu wa kumweleza kilichobadilika. Hupewa maelezo mafupi kwenye kioo cha gari, nayo husema kwamba mfumo umeboreshwa. Kwa wiki kadhaa hujifunza tabia ya gari kwa kulitumia: huona kwamba hufunga breki mapema mbele ya lori, kwamba hupoteza mistari ya barabara jua linapotua. Ujuzi huo ni wa thamani, kwa maana ndio umwambiao lini aweke mguu tayari. Sasisho likija hufuta sehemu ya ujuzi huo, wala haliambii ni sehemu ipi.

Hatari kubwa zaidi huja mfumo unapokuwa mzuri. Kifaa kikosacho kila siku humfanya dereva awe macho. Kifaa kikosacho mara moja kwa mwaka humlaza. Desemba 2023 magari zaidi ya milioni 2 ya Tesla yaliandikishwa Marekani ili yapate sasisho la kumkumbusha dereva aangalie barabara. Mamlaka ilikuwa imeona kwamba watu wanaacha kutazama. Aprili 2024 ilifungua uchunguzi mwingine, ipate kujua kama sasisho hilo lilitosha. Miongoni mwa mambo yaliyoulizwa ni kwamba sehemu ya sasisho ilimtaka mwenye gari akubali mwenyewe, na dereva aliweza kuirudisha nyuma.

Kwa mmiliki wa Tanzania shida mara nyingi ni kinyume chake: gari lake halipati sasisho lolote. Limetengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, maonyo yake husomeka kwa Kijapani, na programu yake ni ile ya siku lilipouzwa huko au lilipotembelea karakana ya huko mara ya mwisho. Dereva akiona taa ya njano yenye maandishi asiyoyajua hawezi kusema kama kamera imezimika kwa vumbi au imeona ng'ombe. Wengi huzoea kutoijali. Jambo hilo lisichekwe: taa isiyoeleweka ni mbaya kuliko kukosa taa, kwa kuwa humzoesha mtu kudharau onyo.

Hesabu isiyobadilishwa na programu

Katika barabara ya Mikumi yamewekwa matuta na vibao vya mwendo, na agonga mnyama hutozwa faini. Madereva wa malori huyalalamikia matuta. Hesabu ifuatayo yaonyesha thamani yake.

Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita mita 27.8 katika kila sekunde. Dereva mwangalifu huchukua kama sekunde 1.5 tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwenda mita 42. Breki zikipunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, zitahitaji mita 55 zaidi. Jumla ni mita 97. Sasa gari lipewe kompyuta bora, itambuayo twiga bila kosa na kufunga breki baada ya sekunde 0.3 tu. Mita 42 hupungua kuwa 8, na jumla huwa 63. Hiyo ni faida kubwa. Lakini dereva wa kawaida, asiye na kompyuta yoyote, akiwa katika kilomita 50 kwa saa, hupita mita 21 akifikiri na mita 14 akifunga breki: jumla 35. Taa zilizoteremshwa huangaza vizuri kwa kadiri ya mita 40 hadi 60. Mmoja tu kati ya hao watatu husimama ndani ya mwanga wake kwa uhakika.

Zoezi la darasani

Vifaa: rula ya sentimita 30 na wanafunzi wawili. Mmoja huishika rula kwa juu, ikining'inia wima. Mwingine huweka kidole gumba na cha shahada kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Wa kwanza huiachia bila kutoa ishara. Wa pili huibana mara aonapo inaanguka. Alama iliyobanwa ni umbali s ambao rula imeanguka, na muda hupatikana kwa kanuni s = ½gt², g ikiwa 9.8. Rula ikianguka sentimita 20, muda ni sekunde 0.2. Jaribio lirudiwe mara kumi na wastani uchukuliwe. Kisha lirudiwe mara kumi nyingine huku anayebana akihesabu kwa sauti kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba.

Muda wa barabarani ni mrefu kuliko huo, kwa kuwa dereva lazima atambue kitu, aamue, na ahamishe mguu. Hata hivyo tofauti kati ya wastani wa kwanza na wa pili iandikwe, izidishwe kwa 13.9 na kwa 27.8, na majibu mawili yachorwe kwa chokaa uwanjani, kwa mita.